Mvi za Mheshimiwa

Tone la rangi lilimdondokea dada mmoja begani saa ile soko limefurika na watu wanapita kwa kuombana radhi. Alikuwa amevaa koti jeupe la kazini, limepigwa pasi likanyooka, na viatu vyekundu ambavyo havikuwa vya kazini hata kidogo. Akasimama, akaangalia bega lake, kisha akaangalia juu.

Juu ya ngazi, kijana mmoja mrefu, fulana yake imechafuka rangi zote unazozijua, alikuwa anachora uso mkubwa kwenye ukuta wa soko. Uso wenyewe ulikuwa na sikio moja.

"We kaka! Umenimwagia nini?"

"Samahani, dada. Ni sikio la Mheshimiwa."

"Basi shuka ulichukue sikio lako."

"Ni rangi ya maji hiyo, inatoka. Usiisugue tu." Akaanza kushuka huku akicheka. "Bahati yako hukupita wakati nachora pua. Ungeoga."

"Na unajua huyo unayemchora ni nani?"

"Mbunge wetu. Nani asiyemjua?"

"Ni baba yangu."

Ngazi ikayumba. Kijana akaishika kwa mikono miwili, kicheko kikamwishia mdomoni, na wauza nyanya waliokuwa wanatazama wakapiga makofi. Dada alijitahidi asicheke, akashindwa. Ndipo alipoona jinsi yule kijana anavyokunja macho kumtazama.

"Unanikazia macho kwa nini?"

"Sikukazii. Ndivyo ninavyoona vizuri."

"Ndivyo usivyoona. Mimi ni mpima macho, duka langu lile pale, nyuma ya benki. Kesho uje. Mtu anayemchora baba yangu ukubwa wa nyumba lazima awe anaona."

Kesho yake alifika. Alikuwa ameoga, amevaa shati la bluu la mikono mirefu, lakini rangi ya chungwa ilikuwa bado kwenye kucha. Akakalishwa kwenye kiti, jicho moja likazibwa.

"Soma mstari wa chini."

"Siuoni."

"Wa juu yake?"

"Nakuona wewe tu."

"Mimi simo kwenye huo ubao. Soma, bwana, watu wanasubiri nje."

Hapakuwa na mtu nje. Walikaa mle chumbani mpaka chai ikapoa, na alipotoka alikuwa na miwani mipya na namba ya simu. Soko lote lilimwita Brashi, naye akaanza kumwita yule dada Miwani. Mwenyewe alijifanya kukasirika. Kila alipoitwa hivyo kwenye simu aliisogeza simu sikioni zaidi.

"Haloo, Miwani wangu."

"Nani wako? Nani kakupa ruhusa?"

"Nimekupigia kukupa taarifa kwamba leo nimemaliza mashavu ya mkwe wangu."

"Mkwe! Hebu mwangalie huyu! Hata chai hujanywa kwetu unamwita mkwe?"

"Basi nialike chai, kipenzi."

Akaalikwa, Jumapili.

Tuseme ukweli kuhusu ule ukuta. Katibu wa chama ndiye aliyempa Brashi kazi, akamkabidhi na picha ya kunakili. Ilikuwa picha ya uchaguzi wa kwanza kabisa wa Mheshimiwa, nywele zimejaa, nyeusi tii, shingo imekaza kama ya mwanajeshi. Kila uchaguzi picha ilikuwa hiyo hiyo na ukuta huo huo. Wapiga kura walizeeka, soko likaezekwa upya mara mbili, mgombea akabaki kijana. Chama nacho jimboni kililala usingizi mzuri, maana mgombea alikuwepo, ushindi ulikuwepo, na Katibu hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuagiza rangi.

Jumapili hiyo Brashi alimkuta mtu mwingine. Mheshimiwa alikuwa kwenye kiti cha sebuleni, kandambili miguuni, gazeti limemlalia kifuani, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Kichwa kilikuwa cheupe chote. Alipoamka alimtazama mgeni kwa macho mapole yaliyochoka.

"Ndiye wewe mchoraji?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Hivi huko ukutani bado nina nywele?"

"Nyingi sana, Mheshimiwa."

"Ukimwona, mpe salamu zangu."

Mama mwenye nyumba aliingia na birika. "Usimcheke, mwanangu. Mimi nimeolewa na jimbo zima. Mume wangu huwa namwazima, tena kwa foleni."

Walipotoka, Miwani alimshika Brashi mkono getini. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nikuambie kitu, na usimwambie mtu hata mmoja. Baba anastaafu. Jumamosi, kwenye mkutano wa chama, atasimama aage. Anajua Mama, najua mimi, na sasa wewe."

"Mbona siri? Kustaafu si dhambi."

"Humjui baba yangu. Hajui kusema hapana. Ameshajaribu mara tatu. Kila mara habari inavuja, wazee wa chama wanakuja, wanajaa pale sebuleni, mmoja analia, na Baba anasema, 'Basi, tutaona.' Kwake yeye 'tutaona' ni ndiyo. Safari hii Mama ameshafungasha. Wanakwenda kukaa pamoja kwa dada yake Mama, wapumzike, waongee kama watu. Wakijua kabla ya Jumamosi, tumempoteza tena mpaka uchaguzi mwingine."

"Mdomo wangu umefungwa, roho yangu."

Na kweli aliufunga. Kosa lake halikupitia mdomoni.

Wiki ile Brashi alifanya kazi nyuma ya turubai, kama alivyozoea, asibughudhiwe. Uso ulikuwa umebaki macho tu. Akaishika ile picha ya Katibu, akaitazama kupitia miwani yake mipya, na kwa mara ya kwanza akaiona ni picha ya mtu asiyekuwepo. Mkono ukakataa. Akachora macho aliyoyaona sebuleni. Macho yale yakakataa kukaa chini ya nywele nyeusi, akazipaka mvi. Akaongeza mikunjo, akaongeza miwani. Alichora kwa mapenzi, kwa heshima, akifikiri mzee anayeaga aage na sura yake. Hakumwambia mtu siri, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Ijumaa asubuhi, kama Katibu alivyoagiza ili wajumbe wanaoingia mjini waukute ukuta tayari, akalivuta turubai.

Watu wakasogea, shingo juu. Kisha muuza nyanya mmoja akashika kiuno. "Jamani, Mheshimiwa kachoka!"

"Hajachoka, anaaga," akasema mwenzake. "Mtu hachorwi hivyo kama anarudi."

Kabla ya saa nne simu zote za mjini zilikuwa zinasema jambo moja. Kabla ya saa sita sebule ilikuwa imejaa wazee wa chama, na viti vya kwa jirani vimeazimwa.

"Haloo, mpen..."

"Usiniite hivyo!" Miwani alikuwa analia. "Nilikupa siri moja. Moja! Ukaenda kuibandika sokoni!"

"Sikumwambia mtu, naapa."

"Ulihitaji kumwambia nani, na umeichora ukubwa wa nyumba? Wapo hapa sasa hivi. Yule mzee wa machozi ameshaanza kulia. Mama amejifungia chumbani na masanduku yake."

"Nilimchora nilivyomwona tu."

"Basi futa ulichokiona. Paka nyeusi, mrudishie nywele zake, labda wataondoka. Halafu namba yangu uifute pia."

Simu ikakatika. Brashi alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, kichwa mikononi. Aliumia vibaya. Alijua amempokonya mama wa watu safari yake, na amempoteza mwanamke anayempenda, yote kwa brashi moja.

Katibu alifika mbio, mtu mfupi mwenye suti ndefu na simu mbili, amebeba kopo la rangi nyeusi mwenyewe. "Panda! Panda upake kichwa hicho! Unataka kutuua? Mheshimiwa ameshasema tutaona. Wajumbe wanaingia jioni!"

Brashi akapanda. Alikuwa amechovya brashi aliposikia watu wakipisha njia. Mheshimiwa alikuwa anakuja kwa miguu, kandambili vilevile, wazee wa chama wakimfuata na suti zao. Nyuma yao alikuwa Miwani, macho yamevimba, na mama yake akiwa amefunga kilemba kwa haraka.

Mzee akasimama mbele ya ukuta. Alijitazama muda mrefu. Akaishusha miwani yake, akaipandisha, akalinganisha.

"Huyu namfahamu," akasema.

"Mheshimiwa, tunarekebisha sasa hivi," Katibu akadakia. "Dakika chache tu utakuwa kijana. We, paka!"

Brashi hakupaka. Aligeuka juu ya ngazi, rangi nyeusi ikamtiririkia kwenye mkono. Alijua akikosea hapa hana kazi mji huu. Alimtazama Miwani, ambaye hakumtazama, kisha akamtazama mzee.

"Mheshimiwa, sichukui amri ya mtu mwingine. Sura ni yako. Nipake?"

Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja. Bila yeye jimbo linapotea. Wapinzani wanasubiri siku hiyo tu. Chama ni yeye, yeye ndiye chama. Aliyekuwa analia akalia tena. Mheshimiwa akafungua mdomo, na binti yake akafumba macho, maana alijua neno linalokuja.

"Hapana," akasema mzee.

"Mheshimiwa?"

"Hapana. Nimesema hapana." Alionekana kushangaa mwenyewe, kama aliyeonja kitu akakipenda. "Hapana, asipake. Hapana, sigombei. Na kama mnasema bila uso wangu jimbo linapotea, basi miaka yote hii hatukuwa na chama, tulikuwa na ukuta. Nendeni mkatafute watu. Wapo. Mmewakalisha nyuma ya picha yangu hawaonekani."

Mkewe akashangilia kwa sauti kubwa, na soko likaitikia.

Katibu hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Akamgeukia Miwani, uso wote tabasamu. "Basi binti yetu! Jina lile lile, damu ile ile, hata ukuta hatubadilishi sana..."

"Hapana," akasema Miwani. "Mimi napima macho. Anayetaka kiti aombe kura." Akageuka akamwendea Brashi, akasimama chini ya ngazi, akatazama juu. Sasa ndipo alipouona ule uso vizuri. Miwani ya baba yake aliitengeneza yeye kwa mikono yake, na Brashi hakuacha hata ule mkono mmoja uliopinda kidogo kwa sababu Baba huilalia. Hasira ikamtoka, akabaki na kitu kingine kilichomjaa kifuani.

"Ulinitia uchungu, Brashi."

"Najua. Sikufikiri ukuta nao unasema. Nisamehe."

"Bado nimekasirika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ushuke kwenye hiyo ngazi."

Alishuka upesi mno, kopo likapinduka, na rangi nyeusi yote iliyotayarishwa kwa nywele za Mheshimiwa ikaishia kwenye viatu vyekundu. Miwani akavitazama, akamtazama, akamkumbatia mbele ya baba yake, Katibu na wauza nyanya.

Jumamosi mzee aliaga akiwa amevaa miwani. Waliosimama kuomba nafasi yake walikuwa wanne: mwalimu, mkunga, mfanyabiashara wa mbao, na yule mzee aliyekuwa analia, ambaye machozi yake yalikauka ghafla. Kwa mara ya kwanza tangu watu wakumbuke, chama kilipiga kura ya kumpata mgombea wake. Walibishana mpaka sauti zikawakauka, wengine wakanuniana, lakini walikuwa macho. Mkunga ndiye aliyeshinda. Alipoambiwa achague picha ya kuchorwa, alisema wamtafute Brashi aje amtazame mwenyewe, na asimpunguzie hata kunyanzi moja.

Jumapili, kabla ya Mzee na mkewe kusafiri, Brashi alifika nyumbani na shati lake la bluu. Masanduku yalikuwa mlangoni. Alikaa ncha ya kiti, magoti yamebanana.

"Mzee, nimekuja na ombi. Nataka kumwoa binti yako."

Mzee alikunja gazeti, akaliweka mezani, akamtazama kijana juu ya miwani.

"Umenizeesha mbele ya soko zima, sasa unataka na mwanangu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hapana."

Brashi akakauka. Miwani, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akatoa kichwa. "Baba!"

Mzee akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akavua miwani kufuta macho.

"Nisameheni. Nilikuwa nalijaribu tena lile neno. Tamu sana, nimechelewa kulijua." Akampa Brashi mkono. "Mwenye jibu ni yeye pale mlangoni. Muulize."

"Haya, niulize," akasema Miwani.

"Utanioa... yaani, nitakuoa? Yaani, utakubali?"

"Tutaona," akasema Miwani, na mama yake akaanza kushangilia, kwa sababu katika nyumba ile kila mtu alijua maana yake.