Soksi ya Kwapa la Kushoto

Likizo ile nilikuwa mgonjwa kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki. Mama alibisha mlango wa chumba changu mara mbili, kwa adabu zote, kana kwamba si yeye aliyenizaa, akaingia na sinia na kutangaza kwamba yeye ndiye muuguzi wangu wa zamu. Kazi yangu ilikuwa kulala chali, kuguna kidogo na kutoa mkono. Niliifanya kwa heshima kubwa. Shule ya bweni ilikuwa imenifundisha mambo mengi, na la kwanza lilikuwa kujifanya mgonjwa.

Zamani Mama alikuwa muuguzi kweli. Nilipokuwa na miaka miwili, bibi, yaani mama yake Baba, alipooza akawa hatoki kitandani. Mama akaacha kazi amwangalie kwa miezi michache. Miezi ikawa miaka kumi na moja. Bibi alipofariki hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni, na Mama alilitaja jambo hilo kwa sauti ile ambayo wengine hutajia vyeti vyao. Sasa alitaka kurudi wodini. Alikuwa amemaliza mafunzo ya kujikumbusha; kilichobaki ni jaribio la vitendo mbele ya metroni wa hospitali, Jumatatu saa tatu asubuhi. Akifaulu, anavaa sare. Akishindwa, anasubiri mwaka mzima.

Basi tulifanya mazoezi. Alinipima joto, akahesabu pumzi zangu, akanifunga bendeji mpaka nikafanana na kifurushi cha posta. Lakini alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kupima mapigo ya moyo. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu, akatazama saa ndogo iliyoning'inia kifuani pake, na midomo yake ikahesabu bila sauti. Kamwe usitumie kidole gumba, aliniambia. Gumba lina mapigo yake lenyewe. Unaweza kujihesabu mwenyewe ukadhani umempima mgonjwa.

Ijumaa mchana nilichoka kuwa mgonjwa mwema. Bwenini kwetu kuna mbinu iitwayo Kufariki kwa Muda. Unaviringisha soksi mpaka iwe ngumu kama yai la kuchemsha, unaiweka kwapani, kisha unabana mkono. Mshipa unabanwa, damu inapungua, na kwenye kifundo mapigo yanatoweka. Kwa mbinu hiyo wengi wetu tulikwepa mbio za asubuhi, mpaka muuguzi wa shule alipoanza kutukagua makwapa, kazi ambayo simtakii mtu yeyote.

Nilivaa shati pana, nikaipachika soksi kwapa la kushoto, nikautoa mkono huo kwa unyonge.

Mama akaweka vidole. Akavihamisha kidogo. Akabonyeza, akalegeza, akaanza upya. Nilingoja ashtuke, anizabe kofi la utani, tucheke. Lakini hakunitazama mimi. Alivitazama vidole vyake.

“Siyapati,” alisema polepole.

Alijaribu mara tatu. Kisha akachukua sinia lake akatoka, akaniacha na soksi yangu. Ningeweza kusema palepale. Nikaamua kwamba utani mzuri haukatizwi njiani, nitaufichua wakati wa chakula cha jioni. Jioni Mama hakugusa sahani yake, nami nikaenda kulala na utani wangu.

Jumamosi asubuhi hakuna aliyebisha mlango wangu. Niliwakuta jikoni. Baba, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amesimama na pasi mkononi. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitanua gauni jeupe la Mama, sentimita nne ambazo kwa amri ya mwenye gauni hazikupaswa kutajwa. Sasa gauni hilo lilikuwa likikunjwa na kurudishwa sandukuni. Mama alikuwa akieleza kwamba atampigia metroni simu amwombe radhi. Vidole vyake vimesahau, alisema, na mtu asiyeweza kupata mapigo ya mtoto wake mzima hana haki ya kushika mkono wa mgonjwa. Baba akajaribu kumtuliza. Akasema hata yeye hukosea kushona.

“Suruali ikikosewa hufumuliwa,” Mama alimjibu.

Miguu yangu ilipendelea kurudi chumbani. Iliondoka kweli, ikafika mlangoni. Halafu nikasikia sanduku likifungwa. Nikarudi, nikaiweka soksi mezani, kati ya chumvi na birika la chai.

“Mama, vidole vyako havina kosa. Hii ilikuwa kwapani mwangu.”

Baba aliitazama soksi, akanitazama mimi, akaiondoa mezani kwa ncha za vidole viwili. Nilieleza yote, pamoja na jina la mbinu. Nilitegemea ngurumo, lakini Mama alisema neno moja tu.

“Onyesha.”

Nikaonyesha. Mkono wa kushoto akapima, akakosa. Kisha akaushika wa kulia, na uso wake ukafunguka kama dirisha. Mapigo yangu upande huo yalikuwa yakikimbia kama ya mwizi, na mwizi kweli nilikuwa.

“Mheshimiwa,” akasema, na hilo ndilo jina analoniita nikiharibu, “umenidanganya, na nusura nipoteze kazi kwa ajili ya soksi chafu. Lakini na mimi nina kosa. Nilipoyakosa mkono mmoja, sikuutafuta wa pili. Nilivilaumu vidole vyangu nikakimbia.”

Hukumu ilikuwa hii: kufua soksi zote za nyumba kwa mkono, na kuwa mgonjwa mpaka Jumapili jioni, mikono yote miwili. Nilipimwa mapigo mara arobaini na moja. Sikukata rufaa.

Jumatatu nilimbebea Mama mkoba, nikakaa kwenye benchi la nje ya wodi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, watahiniwa watatu walisimama kando ya kitanda cha seremala mzee mwenye bashasha, aliyekwisha kuutoa mkono wake wa kushoto. Wa kwanza, bwana mrefu, alishika, akatazama saa, akaandika sabini na mbili. Wa pili alitumia kidole gumba, akaandika themanini na nne.

Ikawa zamu ya Mama. Akaweka vidole vitatu. Akavihamisha kidogo. Akabonyeza, akalegeza. Niliitambua sura ile, na pale bencheni nikajikuta nimebana makwapa yangu mwenyewe, ingawa hayakuwa na kitu. Ndipo Mama akauweka mkono chini taratibu, akazunguka kitanda, akauomba wa kulia. Akahesabu dakika nzima.

“Mkono wa kushoto sipati mapigo,” alimwambia metroni. “Wa kulia ni sitini na nane. Nimeandika hivyohivyo.”

Metroni, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, alimwomba seremala apandishe mkono wa shati. Juu ya kiwiko palikuwa na kovu refu. Msumeno ulikata mshipa pale miaka mingi iliyopita. Damu hupita njia nyingine ndogondogo, na kifundo hicho kimenyamaza tangu siku hiyo. Metroni akamuuliza bwana mrefu sabini na mbili ameziokota wapi. Kwa yule wa pili alisema hesabu yake huenda ni sahihi kabisa, ila moyo aliouhesabu ni wake mwenyewe, na unaonekana una wasiwasi. Seremala alicheka mpaka kitanda kikatikisika.

Mama aliambiwa aanze kesho, zamu ya asubuhi. Alivuta pumzi ndefu sana, na zile sentimita nne zikafanya kazi yake.

Kisha, kwa kuwa Mama hawezi kuficha jambo, akasimulia habari ya soksi. Nikaitwa ndani. Nikamwamkia metroni shikamoo, akaitika marahaba huku akilitazama kwapa langu.

“Wodini, namba ya kubuni inaweza kuua mtu,” aliniambia. “Anayesema sijapata, bado anatafuta. Anayebuni ameacha kutafuta. Mama yako amefaulu kwa sababu alisema ukweli. Na wewe ulipoweka soksi mezani uliusema pia, ila ulichelewa usiku mzima. Safari nyingine usichelewe.”

Kesho yake alfajiri mlango wangu ulibishwa mara mbili, kwa adabu zote. Mama alisimama kizingitini na gauni jeupe lililonyooka, saa ikining'inia kifuani. Akanitangazia kwamba sasa ana wagonjwa wa kweli, kwa hiyo mimi nimepona na nimeruhusiwa kutoka hospitali.