Usilipunguze Gauni la Nadra

Mayasa ni fundi wa cherehani, anakaa Mkunazini. Wateja humsifu kwa jambo moja: akikupima leo, nguo yako itakukaa sawasawa mwezi ujao. Sifa hizo anazijua, na hazimwudhi hata kidogo.

"Tepu yangu haisemi uongo," hujigamba.

Mwezi wa Shaaban alimshonea binti yake, Nadra, gauni la Idi. Lilikuwa la kijani, lenye mkanda wa maua. Nadra alilijaribu, likamkaa vizuri, likatundikwa kabatini.

Ramadhani ilipoingia, Nadra alisema mwaka huu atafunga. Ana miaka tisa tu. Nyumba nzima ilimpongeza. Ikifika magharibi, alikunywa jagi zima la maji, akaomba jingine.

"Saumu hiyo," alisema bibi yake, Bi Mwanakheir. "Hajazoea."

Usiku Nadra aliamka mara kwa mara kwenda chooni. Siku nyingine alilowesha kitanda. Mayasa alimgombeza.

"Msichana mkubwa wewe, kikojozi! Huoni haya?"

Nadra alilia. Daku alikula sana, lakini alizidi kukonda. Kila aliyemwona alisema ni saumu.

Idi ikaingia. Harufu ya tambi ilijaa nyumbani, na watoto wa jirani walipita na nguo mpya kuomba mkono wa Idi. Mayasa akamvisha Nadra gauni lake. Lilimning'inia kama bado liko kabatini.

Mayasa alichukua tepu, akampima kiuno. Akampima tena. Tepu ikasema lile lile.

"Mama, nnasikia kiu," alisema Nadra, akakaa sakafuni. Alikuwa akipumua haraka, na pumzi yake ilinukia kama tunda lililoiva mno.

Mayasa hakujua la kufanya, basi akafanya analolijua. Alichukua pini, akaanza kulipunguza gauni ili mtoto apate kwenda sikukuu na wenziwe.

"Hodi! Idi njema!"

Aliingia Bi Ummukulthum, jirani yao, ambaye ni muuguzi. Alikaribishwa tambi, lakini hakuzitazama. Alimtazama mtoto.

"Nadra ana nini?"

"Saumu imemdhoofisha," alijibu Mayasa.

"Anakunywa maji mengi? Anakojoa sana? Anakula, na huku anakonda?"

"Naam. Yote hayo. Mpaka kitanda analowesha."

"Usilipunguze gauni, Mayasa. Gauni halina kosa. Bi Mwanakheir, nipe kipimo chako cha sukari."

Bi Mwanakheir anaumwa kisukari miaka mingi, na kipimo chake hakiko mbali naye. Bi Ummukulthum alimtoboa Nadra kidole, akatoa tone dogo la damu. Kipimo hakikutoa hata namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita kiwango.

"Basi nimpe nusu ya kidonge changu!" alisema Bi Mwanakheir.

"La, mama! Kidonge chako hakitamfaa. Tumkimbize hospitali, maneno baadaye."

Kheir, baba yake Nadra, ndiyo kwanza anatoka kusali Idi. Alimbeba mtoto akiwa bado na kanzu yake mpya, wakaenda.

Hospitalini Nadra alitundikiwa maji na kupewa dawa iitwayo insulini. Mayasa alikaa kwenye benchi, akilia.

"Tende za futari ndizo zilizomponza?" aliuliza.

"Sizo," alisema Bi Ummukulthum. "Sikiliza. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Hicho ndicho kinachotoa insulini, na insulini ndiyo inayoitoa sukari kwenye damu ikaingia mwilini ikatupa nguvu. Hiki cha Nadra ni kisukari cha aina ya kwanza: kongosho limeacha kuitoa. Hutokea zaidi kwa watoto na vijana, tena huja haraka. Nadra lazima achomwe insulini kila siku. Si kosa lake, wala lako."

"Na mama mkwe, Bi Mwanakheir?"

"Yake ni aina ya pili. Insulini ipo, lakini mwili hauitumii vizuri. Huwapata zaidi watu wazima, hasa wakiwa wanene, au hawautumikishi mwili, au wana jamaa wanaoumwa. Hii huja polepole: kiu, uchovu, macho kuona ukungu, miguu kufa ganzi, vidonda visivyopona. Wengine hawaoni dalili yoyote, ndiyo maana tunasema mpime. Na wapo wajawazito wanaopata kisukari wakati wa mimba."

Kesho yake Nadra alifumbua macho.

"Mama, n'na njaa. Tambi zimebaki?"

Mayasa alikitazama kichupa cha insulini mkononi mwa muuguzi wa zamu. Kichupa chenyewe kinaenea kwenye kiganja cha mtoto.

"Subhanallah," alisema. "Kitu kidogo hivi! Na sote tunatembea nacho ndani, wala hatujui." Kisha akamshika Nadra mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilikugombeza, na kumbe unaumwa."

Siku hizi Mayasa anajua kumchoma Nadra sindano, na Nadra mwenyewe anajitoboa kidole kujipima. Anakula kwa wakati, anasoma, anacheza. Kufunga, daktari amemkataza. Bi Mwanakheir anamtania: "Mimi na wewe tuna maradhi ya jina moja, lakini usiguse vidonge vyangu!"

Idi Kubwa ilipofika, Mayasa alilitoa lile gauni la kijani. Nadra akalivaa, akavuta zipu. Zipu ikagoma.

"Mama, limenibana!"

Mayasa alipitisha tepu kiunoni mwa mwanawe, akaisoma mara mbili. Machozi yakamtoka.

"Limekubana? Alhamdulillahi! Livue, mwanangu, nikufungulie mshono."