Michembe Yangu, Laini ya Bujiku

"Huyo mwanaume bado yupo hapo?"

Hakunisalimia. Bujiku alinipigia kutoka Nyarugusu, kule Geita, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwake lilikuwa hilo. Nyuma yake nilisikia karasha lake likisaga mawe ya dhahabu.

"Yupo. Yuko kazini."

"Kazi gani ya kushinda na mchumba wa mtu?"

"Kazi niliyompa mimi. Na wewe hujambo?"

Akakata simu. Eliya alikuwa kwenye benchi lake na spika za masikioni, anajifanya hajasikia kitu.

Jina langu Nyamizi. Natengeneza michembe na matobolwa hapa Ibadakuli, Shinyanga. Ni viazi vitamu vya kukausha, na wachimbaji wa Geita wanavipenda kwa sababu haviharibiki upesi na vinashibisha. Mtu anashuka navyo duarani, ndani ya shimo la dhahabu, anashinda navyo kutwa. Nilianza na ungo mmoja. Leo nina akina mama wanaonimenyea na mifuko yenye jina langu. Oda zinakuja WhatsApp, nyingi kwa sauti, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, na zilikuwa zimeshanielemea. Ndiyo nikatafuta mshauri wa akili mnemba. Ndiyo, mimi muuza michembe. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize.

Bujiku alikuwa ameniletea kampuni ya rafiki yake wa Mwanza. Wao waweke roboti la kujibu wateja, mimi nisaini tu. Rebeka, shoga yangu mwenye duka la dawa, ndiye aliyenizuia.

"Usisaini kitu," aliniambia. "Tafuta mtu asiyeuza chochote. Kuna kijana anaitwa Eliya, anajitegemea. Alinisaidia mimi. Unamlipa wewe, anakwambia ukweli wewe, basi."

Ndivyo Eliya alivyofika kwangu na pikipiki yake na laptop. Hakuifungua kwanza. Alikaa akasikiliza sauti za wateja wangu, moja baada ya nyingine, anatabasamu mwenyewe. Alipomaliza akaniita.

"Dada Nyamizi, nikwambie ukweli?"

"Nakulipa kwa ajili hiyo."

"Roboti la wale wa Mwanza litakuulia biashara. Nimelijaribu. Mzee anakusalimia, anauliza mvua, anauliza mama, lenyewe linamjibu, 'Bonyeza moja kwa michembe, bonyeza mbili kwa matobolwa.' Mzee wa Kisukuma atabonyeza kwa jirani yako."

Nilicheka mpaka akina mama wakageuka.

"Sasa nifanye nini?"

"Mashine isikilize sauti, ikuandikie nani anataka nini na yuko duara gani. Basi. Kusalimia salimia mwenyewe. Ndicho wanachokupendea."

Kisha akanyooshea kidole simu yangu.

"Swali. Hii laini imesajiliwa kwa kidole cha nani?"

"Cha Bujiku. Nilipoanza sikuwa na kitambulisho cha taifa, akanisajilia yeye. Si wengi tunafanya hivyo?"

"Wengi mnafanya. Lakini wateja wako wote wanaijua hiyo namba tu. Mwambie akuhamishie umiliki. Mpaka hapo sigusi kitu."

"Wewe Eliya! Jumamosi anapeleka mahari kwa baba kule Songwa. Ng'ombe wameshakubaliwa. Atanipa ng'ombe aninyime laini?"

Eliya akarudisha spika masikioni.

Kesho yake Bujiku alifika mwenyewe. Nilimpa maji, nikamwachia apumzike, halafu nikamwambia taratibu kabisa.

"Naomba twende mjini ukanihamishie ile laini."

"Ya nini?"

"Ni ya biashara yangu."

"Ukishakuwa mke wangu, chako ni changu."

"Na karasha lako?"

"Karasha ni la ukoo."

"Ahaa. Changu chako, chako cha ukoo."

Akainuka. Akamgeukia Eliya.

"Wewe kijana, ndiyo unamjaza haya maneno? Unatembea na mchumba wangu?"

Eliya akavua spika masikioni.

"Kaka, mimi nimeitwa kwa kazi. Nimemshauri awe na namba yake. Kama hilo linakuuma, jiulize kwa nini linakuuma."

"Nyamizi, sikiliza. Huyu anaondoka leo, rafiki yangu anakuja unasaini. Ama laini naifunga."

Moyo ulinipasuka. Miaka yote ile nilidhani nina mwanaume, kumbe nina mwenye nyumba. Nilimpenda Bujiku jamani, msidhani sikumpenda. Lakini mdomo wangu haukusubiri moyo.

"Funga."

"Unasemaje?"

"Nimesema funga. Unanitishia mimi na laini? Nenda kafunge!"

Asubuhi yake simu ilikuwa haina mtandao. Mama yangu, Bernadina, alikuwa amekuja kunisaidia mambo ya Jumamosi. Akaingia chumbani kwangu ameshika simu yake kama imeungua.

"Soma."

Bujiku alikuwa ameandika: "Mama shikamoo. Laini ya Nyamizi nimeifunga. Amfukuze yule kijana, aniombe radhi, nitaifungua."

"Muombe radhi mwanangu," mama akasema. "Ng'ombe za watu zimeshatengwa."

"Mama, mimi siyo wa kuswagwa nao."

"Utaolewa na nani ukimuacha huyu?"

"Nisipoolewa nitakufa?"

Nikamfungia mlango, halafu nikalia. Sifichi. Namba ile niliitangaza duara kwa duara kwa miguu yangu, kwenye tope, huku wanaume wananipigia miluzi. Kuna siku nilirudi nyumbani sijauza hata kifuko kimoja, nimeacha namba tu.

Eliya alinikuta macho yamevimba.

"Dada, pole. Siku hizi usinilipe."

"Nitakulipa. Sitaki mwanaume mwingine aje kunisimanga kwa fadhila."

Akainamisha kichwa. "Sawa bosi. Basi twende ukasajili laini yako."

Tukaenda, na safari hii kitambulisho ninacho. Niliweka kidole changu kwenye kile kidude, kikakubali, na nilijisikia vizuri kuliko siku nilipovishwa pete. Nikapakia magunia ya michembe kwenye basi la Geita.

"Nikusindikize?" Eliya akauliza.

"Thubutu. Wakikuona na mimi watasema Bujiku alisema kweli. Hili naenda mwenyewe."

Nyarugusu niliwakuta wachimbaji wametoka duarani kupumzika. Wa kwanza kuniona alikuwa Mzee Mayala, mteja wangu tangu enzi za ungo, tope limemfika kiunoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Mguu wangu ule sasa umepona. Lakini umefuata nini huku? Si uliniambia hutuletei tena?"

"Mimi? Lini?"

"Leo asubuhi. Nimekupigia, ukasema siku hizi tuchukue mzigo pale kwenye karasha la Bujiku. Nikashangaa, hukuniuliza habari za mguu. Nikasema binti amebadilika, au ndiyo raha za kuolewa?"

Laini iliyofungwa inapokelewaje? Nikatoa simu, nikapiga namba yangu mwenyewe, nikaweka sauti kubwa. Ikaita.

"Michembe ya Nyamizi, karibu!"

Sauti ya mwanamke. Wachimbaji wakaacha kutafuna.

"Naongea na nani?"

"Nyamizi hapa. Unataka kilo ngapi?"

"Nyamizi ni mimi. Wewe ni nani?"

Halafu nikaisikia sauti ninayoijua kuliko zote, inatokea kwa nyuma:

"We Vumilia, nani huyo? Kama ni wa rejareja mwambie hatuna."

Mzee Mayala akaguna. "Huyo si Bujiku?"

"Dada," nikasema kwenye simu, "mwambie Bujiku ni mchumba wake anaongea."

"Mchumba? Dada, mimi ni mke wake. Tuna mtoto."

Sikukata hata simu. Nilitembea nayo mkononi mpaka kwenye karasha, wachimbaji nyuma yangu, na hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nikamkuta dada mmoja mwembamba, mtoto mgongoni, kazungukwa na mifuko iliyoandikwa jina langu, ambayo sikuichapisha mimi. Bujiku hakuifunga ile laini. Alienda kuomba laini nyingine ya namba hiyo hiyo, kwa kidole chake, akampa mkewe.

"Wewe ndiye Vumilia?"

"Ndiyo mimi." Macho yalimjaa machozi. "Dada, naapa kwa mtoto huyu, aliniambia ulimuuzia biashara. Alisema unahamia Dar."

"Haya. Leo umejua."

Bujiku akatokea nyuma ya karasha, anajifuta vumbi. Aliponiona, uso ulimshuka.

"Nyamizi, njoo tuongee pembeni."

"Pembeni kuna nini? Ongea hapa hapa."

"Nilitaka biashara isimame vizuri. Wewe ubaki na Shinyanga, huku..."

"Huku mke wako. Na roboti la rafiki yako lingenijibia wateja mpaka nisahaulike. Hapo ningebaki na nini, Bujiku?"

"Punguza sauti. Jumamosi nakuja na ng'ombe, tutayamaliza nyumbani."

"Njoo nao wakanywe maji, kisha uwarudishe."

Watu wakaangua kicheko. Bujiku akaninyooshea kidole.

"Bila mimi wewe ni nani? Hiyo namba ndiyo biashara! Utaanzia wapi?"

Hapo alinigusa penyewe, maana ndilo swali lililonikosesha usingizi. Nikapanda juu ya lile rundo la mawe yake ambayo hayajasagwa. Viatu vikaniteleza, nikajishikilia, nikapanda tena.

"Jamani! Mimi ndiye Nyamizi wa michembe! Ile namba ya zamani si yangu tena, msiniulize kwa nini, mmesikia wenyewe. Mwenye simu aandike mpya. Asiyetaka aendelee na Bujiku, simlazimishi mtu!"

Simu zote zilibaki mifukoni. Nilijua nikishuka pale bila mtu kuandika, nimekwisha.

Mzee Mayala akatoa simu yake, akaifuta tope kwenye shati.

"Itaje polepole, ng'wanone. Macho yangu mabovu."

Nikaitaja. Simu zikaanza kutoka mifukoni, moja huku, nyingine kule, hadi vijana wa Bujiku wanaolisha karasha wakaandika. Nikairudia namba ile tena na tena huku machozi yananitoka, na sikuona aibu hata kidogo.

Nilipokuwa nashuka, Vumilia alichomoa ile laini ya zamani akaninyooshea.

"Dada, chukua. Ni yako."

"Ikae na mwenyewe. Wewe mlee mtoto wako, na usikubali kujiita Nyamizi tena. Jina lako zuri tu."

Kwenye basi nikampigia baba.

"Baba shikamoo. Ng'ombe wasije."

Nikamweleza yote.

"Watu watasema, Nyamizi."

"Waseme baba. Kwani ni wao wangeolewa naye?"

Akakohoa. "Nitawapigia washenga mwenyewe. Rudi salama."

Baada ya hapo Eliya alimaliza kazi yake. Mashine ikaanza kusikiliza sauti za wateja na kuniandikia oda. Nikizikubali mimi ndiyo zinatumwa, na salamu nilibaki nazo mwenyewe. Siku ya kukabidhiana nikampa chake chote mkononi.

"Eliya, kazi yako imeisha. Kuanzia leo sitaki kukuona hapa kikazi."

Akashtuka. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ila moyo wangu umeanza kunisumbua, na siwezi kumpenda mtu ninayemlipa. Nitajuaje kama unaniambia ukweli au unatetea ugali wako?"

Alinitazama, masikio yamemwiva.

"Dada Nyamizi, hata mimi nilikuwa na neno..."

"Usiseme! Ukiwa ndani ya huo mlango wewe bado mshauri wangu."

Akakusanya vitu vyake, akatoka. Nikasikia pikipiki inawaka. Mama akanikodolea macho.

"Umemfukuza na huyu?"

"Nimemfukuza."

"Ee Mungu, mtoto gani huyu!"

Pikipiki ikazimika. Nikasikia hatua, halafu mtu akapiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Karibu," nikaitikia. "Nikusaidie nini?"

"Naitwa Eliya. Sina kazi yoyote hapa. Nimekuja kumuona Nyamizi, kama ananitaka."

"Nyamizi biashara yake ni yake, akiolewa au asipoolewa."

"Nyamizi na biashara yake nawajua. Sijaja kuchukua, nimekuja kukaa naye."

Mama akaweka khanga mdomoni kuficha kicheko. Mimi nikamsogezea kigoda na kisu.

"Basi kaa. Viazi vyenyewe hivi."

Akakunja mikono ya shati, akamenya kiazi cha kwanza, nusu kikaondoka na ganda.

"Eliya, unaniharibia viazi."

"Hapo umeniambia ukweli," akasema, akinipa kisu. "Sasa nifundishe."