Herufi za Mguu Wangu

Enzi za Zaire, siku yetu ya shule pale Kalemie ilianza kwa bendera, nyimbo na ngoma. Mimi, Mwanamisi, nilikuwa na miaka kumi na miwili, nami nilicheza mstari wa mbele. Nazikumbuka sana asubuhi zile!

Siku moja nilikimbilia bandarini kutazama meli ya Kigoma, nikateleza kwenye ngazi za mawe. Kifundo cha mguu kikavunjika. Nilikaa na plasta wiki sita. Ilipotolewa, muuguzi wetu, Papa Ilunga, alinipa kazi: asubuhi na jioni niandike hewani, kwa kidole gumba cha mguu, herufi zote kuanzia A mpaka Z.

"Usipofanya, kifundo kitakauka, utachechemea maisha yako yote," alisema. "Na ngoma, bado. Ungoje mpaka nikuambie."

Herufi zile ziliuma, jamani! Nikifika D tu, machozi yananilengalenga. Basi nikabuni ujanja. Mama yangu, Salama, hakuwahi kusoma. Wakati akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, mimi nililala chumbani, mguu umetulia juu ya mto, nikazitaja herufi kwa sauti.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama, mpaka Z!"

"Aksanti Mungu!" alijibu kwa furaha.

Baada ya wiki mbili Papa Ilunga aliniambia niandike jina langu. Mguu ulishindwa hata M. Alipoukunja polepole, nililia.

"Mama Salama," alisema, "mudomo ya huyu mutoto ndiyo ilifanya kazi. Muguu ulilala."

Nikakiri yote. "Papa, nitachechemea?"

"Ukianza leo, hapana."

Mama hakunigombeza. Njia nzima niliona haya kupita kiasi.

Jioni aliketi mbele yangu. "Mimi sijue herufi. Andika, nione."

Nikaandika kwa mguu, nikizitaja. Kila herufi aliifuata kwa kidole chake mchangani. Nilipozidiwa na maumivu, alinisubiri. Tulifanya hivyo kila siku, miezi miwili.

Siku niliporuhusiwa kucheza tena, nilitembea mbele ya Papa Ilunga bila kuchechemea. Mama aliinama, akaandika vumbini, polepole: SALAMA.

"Unaona, mwanangu?" alisema akipangusa kidole. "Mimi uliweza kunidanganya. Muguu haukudanganyika. Ulipona siku ulianza kazi ya kweli, na mimi pia, siku ile ndiyo nilianza kusoma."