Viatu vya Mume Wangu Mlangoni kwa Mejumaa

Viatu vya mume wangu vilikuwa mlangoni. Kando yake, makubadhi ya mwanamke.

Mlango umefungwa...

Wasomaji wangu, sisi wa Mji wa Kale hatuhitaji kuelezwa maana ya hayo.

Ni mwaka 1968, ofisi ya shehena huko Kilindini. Faraj wangu alikuwa mwendeshaji wa kompyuta ya pale, lile dude kubwa la zamani. Kisha walioliunda wakatangaza: hiyo basi. Mwaka ukiisha hakuna programu mpya, hakuna vipuri, hakuna fundi. Ikaletwa mashine nyingine, na mashine ikaja na mwendeshaji wake, mwanamke aitwaye Mejumaa.

Tangu hapo Faraj akawa anarudi nyumbani mikono ya baridi, amevaa sweta. Sweta, Mombasa, mwezi wa Machi...

"Babake Tumu, sweta ya nani hiyo?"

"Ya Mejumaa. Kaniazima."

"Kwani wewe una homa?"

"Chumba kina baridi, mamake Tumu."

"Chumba gani Mombasa hii kina baridi?"

Akaomba chai. Mimi nikabaki kama niliyemeza kaa la moto.

Ndipo siku ile nikamwachia mavyaa, mamake Faraj, watoto, nikavaa buibui, nikaenda kujionea. Na nikaviona hivyo viatu.

Sikupiga hodi. Nikasukuma mlango.

Baridi ikanipiga usoni. Chumba kizima kinanguruma kwa mitambo ya kupoza mashine. Faraj yuko pembe hii, anasoma kwa sauti kadi za matundu za mashine ya zamani. Mejumaa yuko pembe ile, soksi miguuni, anaandika.

"Bibi, viatu," Mejumaa akanikemea. "Vumbi linaharibu mashine."

"Mmevua kwa sababu ya vumbi?"

"Ulidhani kwa sababu gani?"

Nikavua vyangu. Faraj akainamisha kichwa.

"Mnafanya nini humu?"

"Hii mpya haisomi kazi za ile ya zamani," Mejumaa akasema. "Mumeo ananieleza moja moja, mimi naziandika upya. Imebaki mishahara ya makuli tu."

"Na hiyo ikiisha?"

Mejumaa akaweka kalamu chini.

"Ile inatupwa. Na mwendeshaji wake anaaga kazi."

Nilikuja kulinda mume, kumbe kinachoondoka ni riziki ya wanangu.

"Si umfundishe hii mpya?"

"Nimemsihi. Nafasi ya mtu wa pili ipo, ina mtihani. Kakataa. Anasema mkewe hatamwacha akae na mwanamke saa za ziada."

Nikamtazama Faraj. Faraj akautazama ukuta.

"Ataanza leo," nikasema. "Na mimi nitakaa papa hapa."

"Na wivu wako?" Mejumaa akacheka.

"Nao utakaa."

Nikawa nakwenda kila alasiri, nimejitanda kanga mbili juu ya buibui. Nilikuwa naichunga mikono ya yule mwanamke tu, isimguse mume wangu. Lakini huwezi kuitazama mikono muda wote huo bila kuona inafanya nini... Nami nina stashahada ya chuo, hesabu hazinitishi. Faraj akikosea, nikawa namsahihisha kabla ya mwalimu wake.

Siku ya mtihani, mkubwa wa ofisi akauliza, "Na huyu bibi, mbona hafanyi?"

Nikafanya.

Faraj alianguka. Mimi nilipita.

Yeye akapelekwa ghalani kuhesabu magunia. Mimi nikapangwa zamu moja na Wekesa, fundi wa ile mashine mpya, kijana mtanashati, mcheshi kupita kiasi.

Jioni ya kwanza nikamkuta Faraj amenisubiri langoni mwa bandari, uso umevimba.

"Nimewachungulia dirishani. Yule Wekesa anacheka nini kila ukisema neno?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

Hakulala vizuri wiki ile. Nilimhurumia, maana naujua ugonjwa wenyewe.

Dada zangu, ukienda kumchunga mume, itazame na kazi anayoifanya. Mume ninaye mpaka leo. Lakini ada za shule za wale watoto zililipwa na nilichojifunza nikimchunga.