Kilio cha Mara ya Pili

Mara ya kwanza Clovis Ngendakumana alidhani kaseti imeharibika. Ilikuwa saa tano asubuhi, pazia limefungwa, vipokea sauti viko masikioni, naye anakata na kuunganisha filamu yake ya shahada ya uzamili. Pale Mama Domitille anapomaliza kulia na kuvuta pumzi, akasikia pumzi ya pili. Fupi, ya mtu mwenye kifua kidogo. Akarudisha nyuma, akaisikia tena. Jana haikuwepo, na hilo alikuwa na hakika nalo, maana jana kilio kile alikisikiliza zaidi ya mara ishirini, akikifurahia.

Ndiyo, akikifurahia. Tusimfichie.

Clovis alikuwa mtoto wa Bwegera, kwenye mashamba ya mpunga ya uwanda wa Ruzizi, aliyebahatika kwenda kusomea sinema nchi ya mbali wakati wenzake wanakimbia risasi. Mwaka ule wa 2003 alirudi na kamera ya kuazima kupiga filamu ya tasnifu kuhusu vita. Alipanga chumba Uvira, nyuma ya nyumba ya Mama Sharifa, mjane aliyeuza vitenge. Kutoka hapo alikwenda Bwegera kumrekodi Domitille, jirani yao wa tangu utotoni, ambaye binti yake Akimana, wa miaka minane, alizama kwenye mfereji wa mpunga siku kijiji kilipokimbia.

Domitille alisimulia yote huku anapepeta mchele, macho makavu. Clovis akaona filamu inamfia mikononi. Profesa wake alikwisha kumwandikia kwamba kazi imepoa, na ikibaki hivyo haitapita. Basi akamketisha mama wa watu kwenye kigoda karibu na dirisha, akamgeuza uso upande wa mwanga, akamwomba alie.

"Matanga tulishamaliza, mwanangu," Domitille akasema. "Muntu akishamalizwa kuliliwa, hatumulilie tena. Ukilia, iko wa kusikia, anazania unaita. Weye unajua hiyo."

Alijua. Alilelewa nayo. "Ni filamu tu, mama," akajibu. "Batu ba mbali bakiona machozi, ndiyo batatusaidia."

Domitille akalia kidogo, kwa kumheshimu. Clovis akatazama kwenye kamera, akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo baadaye angetoa chochote ayarudishe mdomoni: "Lia tena, mama. Ile ya kwanza haikutoka muzuri."

Mara ya pili alimwita mtoto kwa jina, na kuku wakakimbia uani.

Siku iliyofuata ile pumzi, chumba kilinuka matope ya shamba la mpunga, na sakafuni, kuzunguka kiti chake, palikuwa na nyayo ndogo zenye maji. Akazipiga deki, akajiambia ni watoto wa jirani. Mchana akatoka kununua mkate. Aliporudi, Mama Sharifa alikuwa amesimama uani, kanga ameibana mdomoni.

"Clovis," akanong'ona, "iko mutoto gani mu chumba yako? Analia tangu utoke."

"Hakuna mutoto, mama. Ni filamu."

"Filamu ya nini? Umeme ilikatika asubui."

Akafungua mlango. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, hakuna taa hata moja iliyowaka, lakini kutoka kwenye vile vipokea sauti vilivyolala mezani, vilivyoanza kutona maji tone baada ya tone mpaka sakafuni, kilitoka kilio cha Domitille, chote, tangu mwanzo hadi pale anapoita jina, na kilipokwisha ikaja ile pumzi, na baada ya pumzi sauti ya mtoto, taratibu, yenye matope kooni, ikimwambia mama aliyekuwa mbali kule Bwegera: "Lia tena, mama. Ile ya kwanza haikutoka muzuri."

Clovis akaona aibu kabla hajaona hofu. Maneno yalikuwa yake.

Mama Sharifa akamwita kaka yake, Mzee Tariki, aliyejua kuwasomea wenye majini. Mzee akafukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamlowesha kanzu. Kisha akauliza nini kilifanyika, na Clovis akakiri yote, akitazama vidole vya miguu yake.

"Mutoto wa watu amelala," Mzee Tariki akasema. "Hii ni jini. Ilisikia jina inaitwa bila mwenyewe, ikaivaa. Futa hicho kilio. Kyote. Ikibaki hata mahali pamoja, itamufuata yule mama."

Umeme uliporudi, Clovis akafuta kaseti mbele ya Mzee, kisha akafuta kwenye kompyuta.

"Iko ingine?"

"Hapana, mzee."

Na mkono wake ukapanda wenyewe hadi mfuko wa shati, palipokuwa na nakala ya filamu nzima kwenye diski. Miaka mitatu ya masomo ilikuwa ndani ya mfuko ule. Chumba kikatulia, harufu ikaisha, na Mama Sharifa akamshukuru Mungu kwa sauti.

Alitetea tasnifu yake mwezi uliofuata, kule alikosomea, mbele ya maprofesa watatu. Ile diski ilipofika mwisho wa kilio, sauti ya mtoto ikatoka kwenye spika, wazi kabisa. Mwenyekiti wa jopo akavua miwani, akapangusa macho.

"Hiyo sauti ya mwisho, uliitoa wapi?"

"Niliiweka mimi," Clovis akasema, na kwa mara ya kwanza hakudanganya. Wakampa alama za juu kuliko wote.

Alirudi Bwegera akiwa amekusudia kukiri. Akapiga hodi, asijibiwe, akasukuma mlango. Mchele ulikuwa umeoza kwenye ungo. Domitille alikuwa kwenye kile kigoda karibu na dirisha, amekonda, sauti imemkauka, anamwita binti yake. Alipofika mwisho alinyamaza, akatega sikio upande wa kona tupu, akaitikia kwa kichwa. Kisha akajigeuza uso kidogo upande wa mwanga, kama alivyofundishwa, akaanza tena.

"Mama," Clovis akaita. "Ni miye."

Domitille akamtazama kwa macho ya mtu aliyechoka kungoja.

"Clovis," akasema kwa unyonge, "sasa imetoka muzuri?"