Vipande Vilivyonyooka

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa utani wa muuza vyombo.

"Dokta, bei yake ya kutupa, lakini nyanya ikikiona tu inajipasua yenyewe!"

Mfamasia alicheka, akalipa. Kilikuwa kisu cha mkate, chenye meno. Kile cha marehemu mkewe alikuwa amekifungia kabatini. Mkewe alitumia mkono wa kushoto, na maisha yake yote mkate ulimpindia. "Visu vyote vimetengenezwa kunikomesha," alizoea kusema. Kisha, akicheka: "Siku mwanamke mwingine akikata mkate jikoni kwangu, na yeye umpindie."

Alicheka kwa mdomo tu. Macho hayakucheka.

Sasa mwanamke mwingine alikuwa jikoni. Fundi cherehani, aliyerudisha kicheko katika nyumba ile. Kesho shangazi yake angekuja kusikia kama Dokta anaoa au anawapotezea watu muda.

"Umenunua kisu au umenunua ugomvi?" aliuliza fundi. "Hebu tazama."

Kila kipande cha mkate aliokata kilikuwa kimepinda. Chembamba juu, kinene chini.

Mfamasia aliubeba mchuzi, wakaenda kukaa sebuleni. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

Krr... krr... krr...

Fundi aliinua uso. "Nani yuko jikoni?" alinong'ona.

"Hakuna mtu."

"Basi huyo hakuna mtu anakata mkate."

Tak, tak.

Mfamasia aliganda. Mkewe kila alipomaliza kukata alikung'uta makombo hivyo, kisu juu ya ubao.

Alikwenda. Jikoni hapakuwa na mtu. Palinukia mafuta ya mikono... yale yale ya mkewe. Mkate uliobaki ulikuwa umekatwa wote, vipande vimenyooka kama kurasa. Alikigusa kisu. Mpini ulikuwa na joto.

"Dokta..."

Fundi alisimama mlangoni, ameinua kidole cha shahada. Kidole cha kulia. Damu ilichora mstari mwembamba, safi.

"Nilijikata saa ngapi?"

Alikuwa amekata kwa mkono huo huo. Mkono ulioshika kisu haujikati.

Asubuhi mfamasia alikirudisha kisu dukani. Muuza vyombo alikigeuza kwenye mwanga.

"Si kibovu, Dokta. Makali yamenolewa upande mmoja, kwa wenye mkono wa kushoto. Wa kulia lazima mkate umpindie. Marehemu mkeo ndiye aliyekiagiza, kabla hajalazwa. Kimechelewa sana kufika. Nilidhani umekuja kumchukulia." Akashusha sauti. "Nikubadilishie? Bei ni ile ile."

Hilo lilieleza mkate kupinda. Halikueleza kidole.

Mfamasia alikirudisha kisu mfukoni. Nje ya duka akampigia fundi simu.

"Mwambie shangazi asije."

Fundi hakulia. "Ningejua mapema, Dokta," alisema. "Wewe huoi. Wewe bado umeolewa."

Alikwenda nyumbani. Alinunua mkate njiani, akauweka ubaoni, akakishika kisu kwa mkono wa kushoto. Kilipita bila kubisha. Akakata vipande viwili vilivyonyooka, kimoja akakiweka kwenye sahani ng'ambo ya meza.

Akakilaza kisu, akakaa. Makombo hakuyakung'uta.

Tak, tak.